Mzazi Mchanga na Tiba ya Sonona katika Afrika ya Mashariki

Mwaka 1953 Shirika la Afya Ulimwenguni lilipiga chapa kitabu cha Dr. J. C. Carothers juu ya akili ya Mwafrika katika afya na katika maradhi. Mwandishi huyo alikuwa amesimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 hata 1950, na alipokabidhiwa kazi hiyo hakuwa na mafunzo maalumu ya maradhi ya akili. Alikuwa tabibu wa serikali kama matabibu wengine. Katika kitabu hicho, na katika makala aliyoyaandika kabla yake, alidai kuwa sonona ni nadra kwa Waafrika. Mwafrika, kwa maoni yake, hutwika msiba wake juu ya mchawi, mzimu au jirani, wala hajilaumu nafsi yake. Na tena, alisema, sehemu ya mbele ya ubongo wake haifanyi kazi kama ifanyavyo kwa Mzungu. Akafikia hata kumfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyepasuliwa ubongo.

Maneno hayo leo hayahitaji kujibiwa. Lakini ni muhimu kujua yalitoka wapi, kwa maana kosa lililokuwamo ndani yake lilikuwa la hesabu kabla halijawa la dharau. Carothers aliwahesabu watu aliowaona Mathari. Nyumba ile ilifunguliwa 1910 mahali palipokuwa pakitengewa wagonjwa wa ndui, na waliopelekwa humo waliletwa aghalabu na askari, machifu na mahakama. Waliletwa waliopiga watu, waliochoma nyumba, waliotembea uchi sokoni. Msichana wa miaka 16 aliyejifungua mwezi uliopita, akawa ameketi uani kuelekea ukutani, hali wala hasemi, na maziwa yamemkauka kifuani, nani angemshtaki kwa chifu? Hakuvunja kitu. Hakumpigia mtu kelele. Kwa hiyo hakuandikwa katika daftari, na kwa kuwa hakuandikwa ilidhaniwa kuwa hayupo. Kizuizi cha kwanza cha tiba yake kilikuwa hiki, nacho kilijengwa na wataalamu wenyewe.

Walakini ushahidi wa kinyume haukuchelewa sana. Mwaka 1960 Margaret Field alitoa kitabu chake juu ya watu waliokwenda kutafuta salama katika mahekalu ya waganga huko Asante, nchini Ghana. Hakukaa hospitali kungoja wagonjwa, bali alikaa walikoenda wenyewe. Huko aliwakuta wanawake wengi waliojishtaki nafsi zao kuwa ni wachawi, waliosema kuwa wamewadhuru watoto wao, kwamba hawafai kuishi. Naye, akiwa tabibu, akatambua sonona iliyokomaa. Hoja ya kwamba Mwafrika hajilaumu ilianguka pale pale. Baadaye John Orley, aliyekaa vijijini Buganda katika miaka ya 1960, alishirikiana na John Wing kulinganisha vijiji viwili vya Uganda na mtaa wa Camberwell mjini London. Matokeo yao yalichapishwa 1979: wanawake wa vijiji vile walikuwa na maradhi ya huzuni kwa wingi kuliko wanawake wa London. Hata hivyo fikira ya Carothers ilikuwa imekwisha kuzaa. Hospitali zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya wendawazimu wenye fujo, na kuta za mawe hazibadiliki upesi kama vitabu.

Orley aliona jambo jingine ambalo msemaji wa Kiswahili atalifahamu mara moja. Waganda waliuweka wazimu kichwani, lakini huzuni nzito waliiweka moyoni. Hayo ni magonjwa mawili ya viungo viwili, na hakuna aliyewaza kuyatibu katika nyumba moja. Kiswahili nacho kimeyatenga hivyo hivyo. Mtu huruka akili, lakini huvunjika moyo. Kichaa ni cha kichwa, na majonzi, simanzi, jitimai na huzuni ni vya moyo. Basi serikali ilipoweka bango la hospitali ya magonjwa ya akili, Mirembe mjini Dodoma mwaka 1927, Mathari mjini Nairobi, bango hilo halikumwita mwenye maradhi ya moyo. Lilimfukuza. Majina ya mahali hapo yakageuka kuwa matusi ya watoto njiani, na mama wa binti mwenye huzuni angekubali mauti kabla hajakubali bintiye aonekane akishuka garini mbele ya lango kama hilo.

Hata jina la ugonjwa wenyewe limesumbua. Baadhi ya waandishi wameutafsiri kwa unyogovu, neno ambalo kwa asili lina ujirani na ulegevu na uvivu. Hakuna tafsiri iliyo mbaya kuliko hiyo kwa msichana ambaye tayari anaambiwa nyumbani kuwa ni mvivu, haamki kufua nepi, hachoti maji. Daktari anayemwambia kuwa ana unyogovu amekubaliana na shangazi yake. Neno sonona ni bora zaidi: limetoka katika kitenzi kisemacho kuumia ndani, na ndugu yake sononeka bado limo vinywani mwa watu. Lakini sonona ni neno la vitabu na redio. Msichana wa Kariobangi au wa Tandale hasemi kuwa ana sonona. Asema ana mawazo. Muuguzi akimwuliza kama anaumwa, atajibu hapana, kwa sababu mawazo kwake si kuumwa. Ni mambo yaliyompata. Hivyo mgonjwa na mganga wake huweza kuketi uso kwa uso robo saa nzima, kila mmoja akisema kweli, wasikutane.

Yafaa kukumbuka kuwa jamii za zamani hazikumwacha mzazi peke yake. Katika miji ya pwani mwanamke aliyejifungua alikaa arobaini. Alikandwa kwa maji ya moto, alipikiwa uji wa pilipili manga, hakuinua ndoo wala kupuliza moto, na wanawake wa nyumba na wa jirani waliingia na kutoka. Hapakuwa na jina la maradhi, lakini palikuwa na macho mengi ya kumtazama na mikono mingi ya kumpokea mtoto wakati mama amechoka. Kungwi au somo alikuwa ni mtu aliyewekwa rasmi kusikia yale ambayo binti hawezi kumwambia mama yake. Si haki kuyapamba mambo hayo kupita kiasi, maana heshima hiyo ilikuwa ya aliyeolewa. Aliyezaa nje ya ndoa aliweza kupelekwa kwa jamaa wa mbali, na arobaini yake ikawa ya kufichwa badala ya kulelewa. Desturi ile ile iliyokuwa dawa kwa mmoja ilikuwa kifungo kwa mwenziwe.

Bara kulikuwa na mizani nyingine. Lynn Thomas, katika kitabu chake cha 2003 juu ya Meru, ameeleza jinsi maofisa wa Kiingereza walivyoingiwa na hofu juu ya mimba za wasichana waliokuwa hawajatiwa jandoni kwa mila ya kwao, na kutoa mimba kulikofuata. Wakaona dawa ni kuwahimiza wazee wawatahiri mapema zaidi. Halafu, 1956, baraza la wazee wa Meru likapiga marufuku tohara hiyo, na wasichana wakaasi kwa kujitahiri wenyewe. Katika habari hizo ndefu kuna taarifa za machifu, wamisionari, madaktari na mahakimu. Walihesabu mimba, umri, faini na uzazi wa kabila. Tumbo la msichana lilikuwa jambo la serikali. Moyo wake haukuwa wa wizara yoyote.

Ipo sheria moja ya Kenya ambayo wanafunzi wa historia huipita upesi, nayo yastahili kusimamiwa kidogo. Mwaka 1959 ilitungwa sheria iliyompa mwanamke asiyeolewa haki ya kumshtaki baba wa mtoto wake ili alipe matunzo. Sheria hiyo ilichukiwa sana na wanaume. Walisema inawafundisha wanawake uasherati, inaleta desturi za kigeni, inawafanya wasichana wazae kwa biashara. Mwezi wa Juni 1969 Bunge liliifuta. Katika Bunge lile hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Grace Onyango, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa, aliingia mwishoni mwa mwaka ule ule. Hapo mzigo wa mtoto ukarudi wote juu ya mama na wazazi wake, na ilibidi kungoja hadi Katiba ya 2010, kifungu cha 53, kwa taifa kutamka kuwa baba na mama wana wajibu ulio sawa, wawe wameoana au hawakuoana.

Je, hayo yana uhusiano gani na tiba ya sonona? Yana uhusiano wa nauli. Msichana asiye na fedha yake mwenyewe huomba fedha ya kwenda hospitali kwa mtu aliyemkasirikia. Akitaka kumpeleka mtoto mwenye homa atapewa, kwa sababu homa yaonekana. Akitaka kwenda kwa ajili ya mawazo, ataulizwa ni nani aliyemtuma kuyatafuta mawazo hayo. Jibu hilo hutolewa na wazazi ambao nao wameumia, waliouza mbuzi kulipa karo, na ambao hasira yao ni huzuni iliyovaa nguo nyingine. Mara nyingi nyumba nzima ina mgonjwa zaidi ya mmoja.

Shule ndiyo mahali ambapo mtu mzima angeweza kumwona msichana kila siku na kutambua kuwa amebadilika. Lakini kwa miaka mingi shule ilikuwa mlango wa kwanza kufungwa. Kenya iliruhusu wasichana waliozaa kurudi shuleni kwa sera ya 1994, ingawa utekelezaji wake ulitegemea moyo wa mwalimu mkuu. Zanzibar ilifanya hivyo 2010. Tanzania Bara kanuni za 2002 ziliruhusu kumfukuza mwanafunzi kwa kosa dhidi ya maadili, na mimba ikahesabiwa humo. Juni 2017 Rais John Magufuli alitangaza hadharani kuwa katika utawala wake mwanafunzi aliyepata mimba hatarudi shuleni. Zuio hilo liliondolewa Novemba 2021, Waziri Joyce Ndalichako alipotangaza kuwa waliozaa wangeruhusiwa kurejea, na Septemba 2022 kamati ya Afrika ya wataalamu wa haki za mtoto ikatoa uamuzi kuwa kufukuza huko kulivunja haki zao.

Mijadala ya miaka hiyo ilikuwa juu ya masomo, na ni haki iwe hivyo. Lakini katika shule nyingi wasichana walipimwa mimba kwa lazima, na upimaji huo uliwafundisha jambo ambalo halikufutika kwa tangazo la siku moja: kwamba mhudumu wa afya ni mpelelezi. Aliyejifunza hivyo akiwa na miaka 14 hatamfungulia moyo muuguzi akiwa na miaka 17. Alijifunza kukaza kitambaa tumboni na kusema hapana, na hiyo hapana ataendelea nayo.

Baada ya shule yabaki kliniki ya wajawazito, ambayo kwa bahati njema wengi huifikia. Uchunguzi wa afya ya jamii wa Kenya wa 2022 ulionyesha kuwa wasichana 15 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Katika Tanzania, mwaka huo huo, ni 22. Hao si wachache, na kliniki huwaona. Mwaka 2018 watafiti walichapisha habari za wajawazito vijana 176 katika kituo cha afya cha Kangemi, Nairobi: karibu theluthi moja yao walikuwa na dalili za sonona iliyo nzito. Yaani mgonjwa yupo katika foleni, kadi mkononi, siku zote. Hapimwi isipokuwa uzito, damu na mkojo. Muuguzi mmoja ana wanawake wengi wa kuwahudumia kabla ya saa saba, chumba hakina mlango unaofungika, na benchi la nje limejaa majirani wenye masikio. Pengine muuguzi huyo ni rafiki ya mama yake katika kanisa au msikiti. Na akiwa ni mkali, kama wengi walivyo kwa wasichana wadogo wenye matumbo, swali lake la kwanza huwa ni hukumu.

Sheria nayo ilimweka mzazi mchanga katika hali ya ajabu: ni mama mbele ya mtoto wake, ni mtoto mbele ya daktari. Sheria ya Kenya ya UKIMWI ya 2006 ilimruhusu mtoto aliye mjamzito, aliyeolewa au aliyezaa, kukubali kwa nafsi yake kupimwa virusi. Ilitambua kwamba aliyebeba mimba amekwisha kubeba mambo ya watu wazima. Lakini sheria ya maradhi ya akili ya 1989 ilitaka aliye chini ya miaka 16 aombewe kulazwa na mzazi au mlezi. Basi binti wa miaka 15 aliweza kutia sahihi kwa ajili ya damu yake asiweze kutia sahihi kwa ajili ya huzuni yake, hata kama chanzo cha huzuni hiyo ni yule mlezi mwenyewe. Kitambulisho cha taifa nacho hungoja miaka 18, na karatasi nyingi za hospitali hutaka namba yake.

Historia ya kipimo cha sonona ya wazazi yahitaji kusimuliwa hapa, kwa sababu sehemu yake ni ya Afrika ya Mashariki na haisemwi mara nyingi. John Cox, tabibu wa Kiingereza, alifundisha Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huko Buganda aliwachunguza wajawazito 263, akaendelea kuwafuata wengi wao baada ya kujifungua, akakuta sonona kwa wazazi wa vijijini kama ilivyo kwa wazazi wa Ulaya. Aliandika pia juu ya amakiro, ugonjwa ambao Waganda waliujua tangu zamani, umpatao mwanamke aliyezaa, hata akaogopwa asije akamdhuru mtoto. Waliokuwa wakiueleza walisema husababishwa na uzinzi wa mama au wa baba wakati wa mimba. Basi ugonjwa ulijulikana, na jina lilikuwapo, lakini jina hilo lilikuwa shtaka. Si vigumu kuona jinsi lilivyomwelemea msichana ambaye baba wa mtoto wake hatajwi.

Cox alirudi Uingereza, na 1987, pamoja na wenziwe wawili, akatoa kipimo cha maswali kumi kilichoitwa kwa jina la mji wa Edinburgh. Ni maswali mepesi juu ya siku saba zilizopita: kama mtu ameweza kucheka, kama amelala, kama amejilaumu bure. Kipimo hicho kimetafsiriwa kwa lugha nyingi na kurudi Afrika kama mgeni, hali kiini chake kilikuwa kimeanza kuota Buganda.

Swali lake la kumi huuliza kama fikira ya kujidhuru imemjia. Muuguzi wa Kenya aliyeuliza swali hilo kwa miaka mingi alikuwa akimwuliza mtu juu ya jambo linalokaribia jinai, kwa maana kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichorithiwa kutoka kwa Waingereza, kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Waingereza wenyewe walikwisha kuifuta sheria ya namna hiyo kwao mwaka 1961. Msichana aliyeokolewa baada ya kunywa sumu ya panya aliweza kuamka wodini akamkuta askari kando ya kitanda. Habari kama hizo huenea upesi mtaani kuliko mabango ya afya, nazo hufanya jibu la swali la kumi liwe hapana kwa kila aulizwaye. Mahakama Kuu mjini Nairobi ilitamka Januari 2025 kuwa kifungu hicho kinapingana na Katiba. Ilikuwa imepita miaka 64 tangu London.

Tiba yenyewe si siri, na haihitaji lango la Mathari. Mwaka 2003 Paul Bolton na wenziwe walichapisha habari za jaribio katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda. Walianza kwa kuwauliza wenyeji huzuni yao waiitaje, wakapewa majina mawili, yo'kwekyawa na okwekubaziga, na kwa majina hayo wakawatafuta wagonjwa. Kisha watu wa kawaida wa huko huko, wasiokuwa madaktari, walifunzwa kwa muda mfupi kuongoza vikundi, wanawake kwao na wanaume kwao, vilivyokutana mara moja kwa juma kwa majuma 16 kuzungumza juu ya misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Waliohudhuria walipona kwa wingi kuliko wasiohudhuria, tofauti kubwa iliyowashangaza hata wenye jaribio. Miaka minne baadaye walichapisha jaribio jingine, katika kambi za wakimbizi wa vita kaskazini, kwa vijana Waacholi 314 wenye umri wa miaka 14 hadi 17. Wacholi wana two tam, par na kumu, maneno matatu ya huzuni yanayotofautiana kidogo. Vikundi vile viliwasaidia wasichana waziwazi. Kwa wavulana faida haikuonekana dhahiri.

Baadaye tiba hiyo ya vikundi ikaanza kujaribiwa kwa wajawazito wachanga katika vituo vya afya vya Nairobi. Hapo hoja za ubongo wa Carothers zimekwisha kuzikwa, na mambo yaliyobaki ni madogo kwa sura: nani atamshika mtoto kwa saa moja na nusu, mama mzazi wa binti ataambiwa anakwenda wapi, na kama chumba kile cha mwisho cha kituo, chenye mlango unaofungika, kitakuwa wazi Jumatano au kitakuwa kimejazwa maboksi ya chandarua.